Wanafunzi Wageni Wakija, Waone Nini Kwetu?

 

Mwezi huu tunajibu swali ambalo wazazi kadhaa walituuliza baada ya kundi la wanafunzi wa chuo kikuu kutoka ng'ambo kututembelea. Mnawakumbuka. Walikuja kwa kibali, wakapitishwa shuleni, zahanati na bombani, wakacheza mpira na watoto, wakapiga picha, wengine wakalia, wakaondoka. Mama mmoja akatuambia hivi: "Walimu, hawa watoto wa watu wametoka mbali, nauli yao ingelisha mtaa mzima. Wakirudi kwao wanakuwa wamebadilika kweli, ama walikuja kutembea tu?" Wengine walicheka. Sisi hatukucheka, maana swali hilo linawahusu watoto wetu kuliko linavyowahusu wageni.

SAFARI HIZI ZILIANZIA WAPI?

Jambo hili si la jana. Mwaka 1920, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imekwisha, Mswisi mmoja aitwaye Pierre Ceresole alikusanya watu wa kujitolea wakaenda kijiji cha Esnes, karibu na mji wa Verdun, Ufaransa, kujenga upya nyumba zilizobomolewa na mabomu. Ndani ya kundi hilo walikuwamo Wajerumani, yaani watu ambao miaka miwili nyuma walikuwa adui wa kijiji kile kile. Hawakuja kutoa sadaka. Walikuja kuchanganya udongo na wenyeji. Kutokana na kazi hiyo likazaliwa shirika la Service Civil International, ambalo lipo mpaka leo.

Mwaka 1958 mchungaji James Robinson, Mmarekani mweusi wa mtaa wa Harlem huko New York, alianza kupeleka wanafunzi wa Marekani, weusi kwa weupe, Afrika Magharibi wafanye kazi bega kwa bega na vijana wa huko. Mpango wake uliitwa Operation Crossroads Africa. Miaka miwili baadaye, Oktoba 1960, John Kennedy alipokuwa akiomba kura, alisimama usiku wa manane mbele ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan akawauliza kama wako tayari kwenda kutumika katika nchi za mbali. Mwaka 1961, akiwa rais, alianzisha Peace Corps. Tanganyika, nchi hii hii inayotuhifadhi, ilikuwa kati ya nchi za kwanza kupokea vijana hao, nao walikuja kupima barabara.

Angalieni tofauti moja hapo. Kijana wa Peace Corps anakaa miaka miwili na lazima ajifunze lugha ya mahali. Siku hizi makundi mengi ya wanafunzi yanakaa wiki mbili, mengine siku tatu, na maneno yote yanapitia kwa mkalimani. Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sasa huyu anaondoka siku ya tatu asubuhi. Jembe atalishika saa ngapi?

KUONA SHIDA NA KUIELEWA

Tuseme ukweli, safari inabadilisha. Kijana aliyekulia kwenye nyumba yenye umeme na maji ndani, akimwona mtoto wa miaka minane amebeba ndoo kichwani, moyo unamgonga. Pengine alizoea kusikia kwamba maskini ni mvivu ama ni mtu asiyejua. Akifika hapa anamkuta mama ameamka saa kumi usiku kupika maandazi ya kuuza, baba anashona viatu mpaka giza linaingia, msichana anasoma kwa taa ya sola ya jirani. Wazo la uvivu linamtoka siku ile ile. Hilo ni jambo jema, tunalipokea kwa shukrani.

Lakini kuna wazo la pili ambalo huingia pale la kwanza linapotoka. Mgeni anaona watu wanatabasamu, watoto wanaimba, anakaribishwa chai kwenye nyumba ambayo haina sukari ya kesho. Basi anarudi kwao akisema: "Wale watu hawana kitu, lakini wana furaha kutushinda." Anasema kwa nia njema kabisa. Tatizo ni kwamba hakujua tabasamu lile lilikuwa la nini. Kwetu mgeni hapokelewi kwa uso uliokunjwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hata mwenye msiba anafuta machozi kwanza akatoa kiti. Yule kijana amechukua adabu yetu akaiita furaha ya umaskini. Na mtu akishaamini kwamba maskini ana furaha, hatauliza kwa nini mgao umepungua.

Kuna na wazo la tatu: huruma tupu. Huyu analia sana, anavua saa yake anampa mtoto, anaahidi kuandika barua. Huruma si mbaya, sisi wenyewe tumeishi kwa huruma ya watu. Lakini huruma peke yake inamwona mtu kama amezaliwa hivi. Inaona turubai, haioni nyumba ya tofali iliyoachwa Baraka ama Uvira. Inaona mikono iliyonyooshwa kwenye foleni, haijui kwamba mikono hiyo ilikuwa inavuta nyavu ziwani, inalima mihogo, inashika chaki darasani.

WENGINE WALISHASEMA

Hata huko kwao wapo walioliona jambo hili. Mwezi wa nne mwaka 1968, padri Ivan Illich, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa akiishi Mexico, alizungumza na wanafunzi wa Marekani waliokuwa wakijiandaa kwenda kujitolea katika vijiji vya Mexico. Walitarajia awasifu. Yeye akawaambia wasiende kusaidia. Waende kutazama, kujifunza, hata kufurahia milima na maua, lakini wasijidanganye kwamba kijana asiyejua lugha ya kijiji atakiokoa kijiji kile kwa likizo moja. Akawaambia kwamba kama wanataka kweli kufanya kazi na maskini, waanze na maskini wa kwao, wale wanaoweza kuwajibu na kuwakatalia usoni.

Maneno hayo ni makali, na hatuyakubali yote. Sisi hatutaki wageni wasije. Lakini hapo kwenye kukataliwa, padri aligusa kidonda. Jiulizeni, nani kambini anamkatalia mgeni? Mgeni akinyanyua kamera, mama anasimama tu apigwe picha, hata kama hataki, kwa sababu anaogopa kwamba akikataa jina lake litaonekana baya mahali fulani. Mtu ambaye hawezi kukwambia hapana, hata ndiyo yake huwezi kuijua. Mgeni huyo anarudi na ndiyo nyingi, anadhani ameelewa.

Mfano mwingine ni wa Honduras, Amerika ya Kati. Oktoba 1998 kimbunga kiitwacho Mitch kiliua maelfu ya watu na kubomoa nyumba nyingi sana. Makundi ya Wakristo kutoka Amerika ya Kaskazini yalikwenda kujenga. Baadaye mtafiti Kurt Ver Beek, aliyekuwa akiishi huko huko, alikwenda kuwauliza wenye nyumba na waliojenga, na mwaka 2006 akachapisha aliyoyapata. Kundi moja lilitumia kwa wastani kama dola 30,000 kwa safari, na nyumba yenyewe iligharimu kama dola 2,000. Familia zilizojengewa na wageni na zile zilizojengewa na mashirika ya Honduras hazikuwa na tofauti kubwa katika maisha yao. Na waliosafiri je? Wengi walisema wamebadilika. Lakini alipoangalia mambo wanayoyafanya, kama vile michango yao baada ya kurudi, mabadiliko yalikuwa madogo.

Kwa hiyo mama yetu aliyeuliza swali, jibu ndilo hilo. Moyo unabadilika haraka, tena unarudi haraka. Kinachobaki ni kile kijana alichokielewa, pamoja na kazi anayoendelea kuifanya akiwa kwao, baada ya vumbi letu kutoka kwenye viatu vyake.

HATARI INAYOTUHUSU SISI

Sasa tuje nyumbani. Huko Kambodia na Nepal, watalii na wanafunzi wengi walikuwa wanapenda kutembelea vituo vya yatima. Walitoa pesa, walicheza na watoto, walirudi na picha. Pesa zikawa nyingi, vituo vikaongezeka. Kumbe wengi wa watoto wale walikuwa na baba ama mama aliye hai. Walichukuliwa vijijini kwa ahadi ya shule, kwa sababu kituo bila watoto hakipati wageni. Jambo hilo lilifika mpaka kwenye sheria: mwaka 2018 bunge la Australia lilipopitisha sheria dhidi ya utumwa wa kisasa, biashara hiyo ya kuwapeleka watoto kwenye vituo vya yatima ilitajwa kuwa aina mojawapo ya utumwa. Shida ikishapata mnunuzi, kuna mtu atatafuta namna ya kuizalisha.

Hapa kwetu hatujafika huko. Lakini siku wageni wanapokuja, sisi walimu tunaona vitu vidogo. Mtoto ambaye jana alikuja na viatu, leo anakuja miguu mitupu. Tukimuuliza, anajibu: "Nimeambiwa wageni wanakuja." Kuna na shati zuri linalofichwa, linavaliwa lile lililochanika mgongoni. Wazazi, tunaelewa kwa nini. Mgao unapokatwa, mtu anatafuta kila mlango. Hatuwahukumu. Ila fikirieni mtoto yule anajifunza nini. Anajifunza kwamba viatu vyake ni aibu mbele ya wageni, na kwamba kitu chake chenye thamani ni shida yake. Darasani tunampa hesabu na kusoma ili ajue ana akili na mikono. Siku moja ya miguu mitupu inafuta kazi ya muhula mzima.

Tena mgeni naye anadanganywa. Ametoka mbali kuja kujua umaskini ni nini, tumemwonyesha maigizo.

BIBI NA UNGA WAKE

Tusidhani ni wageni peke yao wanaohitaji kufunguliwa macho. Sisi walimu tuliwapeleka wanafunzi kumi na wawili wa darasa la sita kwa bibi mmoja wa mtaa wa jirani anayeishi peke yake, wakamkandikie ukuta ulioanguka. Njiani tuliwasikia wakisema: "Bibi huyu hajui kutunza chakula, ndiyo maana anaomba omba kwa watu." Hayo ndiyo mawazo ya watoto wa wakimbizi juu ya mkimbizi mwenzao! Huna haja ya kutoka Ulaya ili umdhanie maskini vibaya.

Siku ya kwanza walikanyaga udongo, bibi akawaangalia. Siku ya pili akawapa hadithi. Siku ya tatu msichana mmoja akamuuliza: "Bibi, mbona unga wako unaisha kabla ya wetu?" Bibi akaeleza. Kutoka kituo cha mgao mpaka kwake ni mbali, na mgongo wake hauwezi mzigo. Kila mgao anamlipa mbebaji bakuli la unga na mafuta kidogo. Hakuna pesa, basi analipa kwa chakula. Ndiyo maana mwezi wake ni mfupi kuliko wa wengine.

Watoto walinyamaza. Ukuta walioukandika ulikuwa shida yake ndogo. Tangu hapo, siku ya mgao, wavulana wawili wanambebea bibi mzigo wake bila malipo, na hakuna anayesema tena kwamba hajui kutunza. Safari yao ilikuwa ya hatua mia tatu tu. Iliwabadilisha kwa sababu walikaa mpaka siku ya tatu na kwa sababu mmoja wao aliuliza "mbona."

WANAFUNZI WASIOKUJA

Upo pia mshikamano ambao hausafiri kwetu. Tangu mwaka 1978, wanafunzi wa vyuo vya Kanada, kupitia shirika la WUSC, wanachangia kiasi kidogo pamoja na ada zao ili kijana mkimbizi aende kusoma nao. Zaidi ya vijana 2,000 wamekwenda kwa njia hiyo, wakiwamo waliotoka kambi za Kenya na Malawi. Wengi wa wale wanafunzi wanaochangia hawajawahi kukanyaga kambi. Mkimbizi anawafikia wao, anakaa nao darasa moja, anabishana nao, anawashinda mtihani ama wanamshinda. Hapo umaskini unapata jina na sauti, na anayehurumiwa jana leo ni mwenzao wa kusoma.

Tunawaomba msielewe vibaya. Nafasi hizo ni chache sana, si kila kambi inazo, na maombi hayalipiwi. Mtu akija kukuuzia fomu, huyo ni tapeli, mpeleke kwa viongozi wa mtaa.

TUNAYOWAOMBA

Wageni wengine watakuja. Basi tunaziomba familia mambo machache, na sisi wenyewe tunayafanya shuleni.

Watoto wavae kama walivyovaa jana. Kama kuna viatu, vivaliwe. Kama hakuna, hakuna, tusione aibu.

Tuwaonyeshe kazi zetu kabla ya shida zetu. Mgeni aone bustani ya mchicha nyuma ya nyumba, cherehani ya mama, ubao wetu na watoto themanini wanaosoma. Akae chini apete maharage ama akande unga wa maandazi. Hata kwa saa moja, ashike jembe.

Tuwape sababu. Mgeni akiuliza kwa nini hatulimi mashamba makubwa, tusiseme tu "ni maisha." Tumwambie kwa heshima kwamba tulikimbia vita tangu 1996, na wengine baadaye, kwamba nchi hii imetupokea, na kwamba sheria ya wakimbizi ya mwaka 1998 inatutaka tukae ndani ya eneo la kambi, kutoka kunahitaji kibali. Hapo ataelewa kwamba mtu anaweza kuwa na nguvu, akili na mbegu, na bado akasubiri mgao. Kijana akirudi kwao na jambo hilo moja, amebeba zaidi ya picha mia.

Tujifunze kusema hapana kwa adabu. "Mwanangu, karibu, lakini picha hapana." Mgeni mwema hatakasirika, na wala hakuna anayefutwa kwenye orodha kwa kukataa picha. Akitaka kumpiga mtoto, amuombe kwanza mzazi, na mtoto mwenyewe aulizwe.

Nasi tuwaulize wao. Watoto wetu wanaulizwa kila siku: unatoka wapi, umepoteza nani. Na wao waulize: kwenu maskini wanakaa wapi? Nani anawatembelea? Ukirudi utafanya nini, tena utafanya na nani? Tumeona mgeni mmoja akiulizwa hivyo na mtoto wa darasa la tano. Alifikiri kwa muda mrefu, akasema mjini kwao kuna watu wanalala barabarani na hajawahi kusimama kuzungumza na hata mmoja. Hakulia. Lakini tunadhani siku hiyo yeye ndiye aliyejifunza kuliko wote katika lile kundi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Mgeni akija nyumbani kwetu kesho, ni kazi gani ya familia yetu tungependa aione?
2. Mtoto wetu anaweza kueleza kwa maneno yake kwa nini tuko kambini?
3. Katika mtaa wetu, ni nani ambaye mgao wake unaisha mapema, na je, tumewahi kumuuliza kwa nini?

Majibu leteni shuleni, hata kwa kipande cha karatasi, ama mtume mtoto aje kutueleza. Mwezi ujao tutachapa machache katika ukurasa huu. Kwa leo tunaishia hapo. Wasalimieni wote nyumbani, na siku ya mgao msimsahau asiyeweza kubeba.

Walimu wenu wa kujitolea